Mfuko wa Chini ya Kiti

Wa kwanza niliuona Mtaa wa Biashara, nyuma ya kioo,
mweusi, mwembamba kama kibeti cha bi harusi,
zipu yake kimya, bei yake kelele.
Muuzaji aliufungua kwa vidole viwili.
"Tyubu moja inaingia, madam, na funguo za nyumba."
Tyubu moja!
Mimi wa Kayole hadi Enterprise Road,
alfajiri, chupa za jana zikinisubiri Donholm vipande vipande.
Nikasema nitarudi, kwa ile sauti
ambayo wauzaji wote wa mjini wanajua tafsiri yake.

Wa pili ulikuwa Gikomba, chini ya rundo la mikoba ya kamera,
mia mbili na hamsini, tukashuka hadi mia na sabini.
Ulidumu siku nne.
Ulinisugua paja kila nikikanyaga pedali,
na ndani spana na bisibisi zikaimba
kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu.
Mvua ya Jumanne ikapita kwenye mshono:
msasa ukawa uji,
kibati cha viraka kikaota kutu rangi ya chai.

Ndipo Jumamosi nikaenda Kariokor kwa Nzioki, mshona ndara,
mwenye kidole gumba kilichokolea rangi ya ngozi hadi kuchani.
Hakuniuliza nataka mfuko wa namna gani.
Alitandaza gazeti.
"Mwaga," akasema.

Nikamwaga.
Vijiko viwili vya chai vilivyopinda shingo
(ndivyo hubandulia tairi; mama anavitafuta mpaka leo).
Solusheni. Spoku tatu. Kiungo cha cheni
ndani ya kifuniko cha dawa ya kikohozi.
Spana ya kumi, ya kumi na tatu, na ya kumi na tano,
hii ya mwisho nzito kuliko zote, sijawahi kuitumia.
Noti ya mia mbili ndani ya nailoni,
ya siku ambayo vyombo vyote vitashindwa.
Tyubu mbili.

Nzioki aliishika ya pili, akaisogeza mbali na macho
asome namba.
"Hii ni ya ishirini na sita. Gurudumu lako ni kubwa."
Nikasema naam.
"Sasa ni ya nani?"

Ni ya Barasa.
Jumapili tulishuka Kiserian, yeye mbele akikata upepo,
mimi nyuma na vifaa vya wawili,
kwa kuwa baiskeli yake haikuwa na pa kufungia mfuko,
au alisema haikuwa na pa kufungia.
Sasa yuko Eldoret, ana gari.
Na mimi kila mwisho wa mwezi
naipaka tyubu poda isishikamane.

"Ni ya akiba," nikajibu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga.
Hawakusema usufi ukilowa.

Akaigeuza baiskeli, akapima kwa mkono
kutoka vyuma vya kiti hadi tairi:
vidole vinne na nusu.
"Kiti chako kiko chini. Mfuko mkubwa utalamba tairi.
Nafasi ni hii. Nyingine yote ni tamaa."
Spana ya kumi na tano akaiweka kando bila kuniangalia.
Akachagua ngozi ya mbuzi, mabaki ya ndara za watalii,
akakata, akatoboa, akashona kwa uzi wa nta,
mfuko ukawa na umbo la mkate uliokaliwa.

"Mikanda," akasema. "Bakoli hulia njiani.
Mpira haulii."
Makasi mkononi, macho kwenye ile tyubu.
Redio ya jirani ilisoma vifo vyote vya Machakos
kabla sijasema:
kata.

Aliikata mikanda mitatu, mirefu, poda ikimwagika mapajani pake.
Akaufunga mfuko, akautingisha. Kimya.
Mia sita, nikatoa mia tano, akachukua mia tano na hamsini.
Akauliza kama nataka mabaki.
Nikachukua valvu.
Ni ndogo. Inaingia.